Kumtoa kijana wako nje ya mji siku nzima bila vita, hatua kwa hatua

Mtoto wa miaka 6 ukimwambia kesho tunaenda shamba kuona mto, analala na viatu miguuni. Huyo huyo akifika miaka 14 ukimwambia maneno yale yale anakuangalia kama umemwambia kesho anaenda kung'olewa meno. Nimepitia, na nimeharibu safari mbili tatu kabla sijajua kosa liko wapi, na kosa lilikuwa kwangu. Nilikuwa namchukulia kama mzigo, namwamsha, nampakia kwenye gari, namshusha, namwambia angalia mlima ule ulivyo mzuri, alafu nashangaa mbona hafurahi. Nani anafurahi kuwa mzigo?

Kwaiyo mwongozo huu wote umesimama juu ya kitu kimoja tu, mpe kazi ya kweli. Sio "nibebee hii chupa", naongelea kazi ambayo yeye akikosea, safari nzima imekosea. Mengine yote hapa chini, begi, viatu, simu, radi, ni ya kuhakikisha kwamba hata akikosea mnarudi nyumbani wazima na bado mnaongea.

Hatua ya 1: Mwambie mapema, na umpe vitu viwili achague

Usimtangazie ijumaa usiku kwamba jumamosi ni ya familia. Vijana wana mambo yao, wana watu wa kuonana nao na mipango ambayo wewe huijui na sio yote unahitaji kuijua, ukimshtukiza umeshamvunjia kitu na huo mnuno ataubeba mpaka juu ya kilima. Wiki moja kabla inatosha.

Alafu usiulize "unataka kwenda?" manake jibu unalo tayari. Uliza "twende kule mtoni au kule kilimani?" Kwenda hakuna mjadala, ila wapi na vipi ndio mjadala wenyewe. Na akishachagua nyamaza. Mimi kuna siku nilimpa achague kati ya sehemu mbili akachagua ile nisiyoitaka, nikaanza oh kule kuna matope, oh kule mbali, akaniambia "sasa mama uliniuliza ya nini?" Sikuwa na jibu. Weka mezani vitu ambavyo vyote viwili uko tayari navyo, basi.

Kama ni mtu wa marafiki mruhusu aje na mmoja. Mmoja, sio watatu, watatu wanakuwa kundi linalotembea mita 100 nyuma yenu likicheka vitu msivyovijua. Ongea na mzazi wa huyo rafiki kwa mdomo, usiachie watoto wapelekeane meseji, na muulize mambo mawili ya lazima, ana pumu au mzio wa kitu chochote, na anajua kuogelea au hajui. Kama anatumia dawa ya pumu ya kuvuta, uione kwa macho yako kabla gari halijaondoka.

Hatua ya 2: Usimwamshe alfajiri kama hakuna sababu

Hapa wazazi wengi tunadhani ni uvivu. Mwili wa kijana wa umri huu unachelewa kutoa melatonini, ile homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, ndio maana saa 4 usiku wewe unasinzia kwenye kochi yeye macho makavu. Na bado anahitaji usingizi wa saa 8 mpaka 10. Sasa piga hesabu mwenyewe, amelala saa 6 usiku, umemwamsha saa 11 alfajiri, umempa saa 5, unategemea acheke?

Kama mnapokwenda jua sio la kuunguza, ondokeni saa 3 au hata saa 4 asubuhi, hamna mtu anawafukuza. Kama lazima mtangulie jua basi mwache alale kwenye gari na mto wake na usimwamshe kumuonyesha ng'ombe. Ng'ombe watakuwepo na wakati wa kurudi.

Hatua ya 3: Mkabidhi ramani

Hapa nitakaa kidogo manake ndio moyo wa mambo yote.

Siku mbili tatu kabla, kaa naye na umwambie wewe ndio unatuongoza. Apange njia, aangalie kilomita ni ngapi na mlima kiasi gani, alafu akuambie mtatoka saa ngapi na mtarudi saa ngapi. Kuna kanuni ya zamani ya Mskochi mmoja mpanda milima aliyeitwa William Naismith, aliitoa mwaka 1892 na watu wanaitumia mpaka leo, inasema hesabu saa 1 kwa kila kilomita 5, alafu ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Mfano njia ina kilomita 8 na inapanda mita 300. Kilomita 8 ni saa 1 na dakika 36, kupanda ni nusu saa, jumla saa 2 na dakika 6. Ila Naismith alikuwa anawahesabia watu wenye miguu imara wasiosimama, hakuwa na mtoto wa miaka 9 anayeokota mawe, kwaiyo kwa familia zidisha mara moja na nusu, inakuja saa 3 na kidogo, na hapo hamjala. Mwache apige hiyo hesabu yeye. Vijana wengi wanaokimbia hesabu za shuleni hii wanaipenda kwasababu jioni wanaona kama walipatia.

Sasa masharti yako wewe mzazi, na ni magumu. La kwanza, chagueni njia ambayo kosa litawagharimu muda tu, sio mguu wala maisha, yani isiwe njia ya magenge ya miamba au ya kuvuka mito mikubwa. La pili, wewe nawe uwe na ramani yako mfukoni na usiitoe. La tatu ndio gumu kuliko yote, akikosea usiseme.

Nikupe picha. Safari yetu ya kwanza ya mtindo huu tulifika njia panda, kushoto njia pana imekanyagwa vizuri, kulia kanjia kembamba kanaingia kwenye nyasi. Ramani inasema kulia. Kijana akaangalia ramani, akaangalia njia, akaigeuza ramani, akasema kushoto. Nilijua. Baba yake naye alijua, akafungua mdomo, nikamkanyaga. Tukaenda dakika kama 20 hivi mdogo mtu anaimba, mpaka njia ikaishia kwenye lango la mbao limefungwa kwa mnyororo, na nyuma yake ng'ombe watatu wametutolea macho huku wanatafuna. Kijana akasimama. Masikio yakaanza kuwa mekundu. Akatoa ramani, akaikunja, akaikunjua, na sisi sote kimya, mi najifanya nafunga kamba ya kiatu ambacho hata hakina kamba. Mwisho akasema polepole, "ule mto ulitakiwa uwe kushoto kwetu, sisi tumeuacha kulia." Nikasema haya, tufanyeje? Turudi. Tukarudi. Kuanzia pale kila njia panda alikuwa anasimama kwanza anautafuta mto, na hakuna mtu aliyemwambia afanye hivyo.

Ningesema pale pale kwenye njia panda tungeokoa dakika 40 na tungepoteza siku nzima.

Kitu kimoja tu usimwachie peke yake, ni saa ya kugeuka. Kubalianeni mapema kabisa, mfano saa 8 mchana popote tulipo tunageuza, hata kama kilele kiko pale tunakiona. Watu wengi wanakwama gizani kwasababu ya "bado kidogo tu".

Hatua ya 4: Simu isiwe adui

Kuna wazazi wanakusanya simu zote asubuhi wanaziweka kwenye mfuko. Nilijaribu. Nilipata siku moja nzima ya kutembea na mtu aliyefungwa jela. Siku hizi nafanya tofauti, simu inageuka kuwa chombo cha kazi.

Jambo ambalo hata watu wazima hawalijui, GPS ya simu, ile inayoonyesha mko wapi, haihitaji bando. Simu inapokea tu mawimbi kutoka kwa setilaiti, inachohitaji intaneti ni zile picha za ramani. Kwaiyo usiku kabla ya safari, mkiwa bado na mtandao mzuri, kijana apakue ramani ya eneo lote kwenye simu yake na simu yako, alafu mkifika ziwekwe kwenye hali ya ndege. Simu inayohangaika kutafuta mtandao sehemu isiyo na mnara inakula chaji vibaya sana, ukiizuia kutafuta inadumu. Na ramani ya karatasi mbebe pia, karatasi haiishi chaji.

Alafu kuna michezo ambayo inahitaji simu na inahitaji kuwa nje kwa wakati mmoja. Kuna Merlin, programu ya watu wa maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, unaishika simu hewani inasikiliza ndege anayelia na inakuambia ni nani, pakueni kwanza furushi la ndege wa eneo lenu. Kuna iNaturalist, unapiga picha mdudu au ua, ukifika kwenye mtandao unaipandisha na watu wanaojua wanakusaidia kulitambua. Na kuna geocaching, hii ni ya kutafuta vikopo ambavyo watu wengine wameficha na kutangaza mahali vilipo kwa namba za GPS. Ilianza Mei 2000, Marekani ilikuwa inavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, ikaacha, na siku hiyo hiyo au kesho yake watu wakajikuta vifaa vyao vinaonyesha mahali kwa usahihi wa mita chache, tarehe 3 Mei jamaa mmoja huko Oregon akafukia ndoo porini akaweka namba zake mtandaoni. Kijana wangu hapendi kutembea hata kidogo. Lakini kutafuta kikopo cha watu chini ya mzizi, hapo utamkuta yuko mbele ya wote.

Kuhusu hedifoni, nina msimamo wa katikati. Kwenye gari avae, ni haki yake. Njiani avae sikio moja tu, la pili liwe wazi muda wote kwasababu ya usalama, baiskeli, mbwa, mtu anayeita. Mkianza kula zinatoka zote, zenu na nyie pia, usimwambie mwanao aweke simu chini huku wewe unasoma meseji za kazini.

Na picha, jamani. Usimpige picha anatafuna ukaiweka kwenye status yako. Muulize kwanza. Kijana anayejua picha yake haitatoka bila ruhusa anakuwa huru mbele ya kamera, yule asiye na uhakika anaficha sura siku nzima.

Hatua ya 5: Begi

Kila mtu na begi lake, hakuna punda wa familia. Sitawapa orodha ya vitu 50, hivi ndivyo ninavyohakikisha.

Maji, kwa mwendo wa kawaida hesabu kama nusu lita kwa mtu kwa kila saa moja ya kutembea, jua likiwa kali zaidi ya hapo. Chakula mara mbili ya unachodhani, narudia, mara mbili, na kiwe cha kugawanya sehemu ndogo ndogo. Koti la mvua hata kama mbingu ni nyeupe. Nguo moja ya joto, manake ukipanda hali ya hewa inapoa karibu nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, na mkikaa kula jasho linapoa mwilini mnaanza kutetemeka. Kofia na mafuta ya kukinga jua. Tochi, hata kama mnarudi saa 9. Filimbi.

Filimbi wengi wanaicheka. Mkipotea au mtu akivunjika mguu, sauti inachoka haraka ila filimbi haichoki. Ishara ya kuomba msaada inayojulikana milimani ni mipulizo 6 ndani ya dakika moja, mnakaa kimya dakika moja, mnarudia. Anayejibu anapuliza 3. Mfundishe kila mtoto, alafu wakipuliza kwa utani kwenye gari vumilia kidogo tu.

Pawabenki abebe kijana, kwasababu yeye ndio hataisahau.

Hatua ya 6: Miguu

Viatu vipya siku ya safari ni marufuku, hata kama ni vizuri na vimepigiwa picha tayari. Avivae nyumbani na kwenda dukani wiki mbili kabla. Soksi za ziada jozi moja kwa kila mtu.

Kosa letu lilikuwa hili, binti yangu mdogo alihisi kisigino kinawaka mapema sana, hata nusu saa hatujatembea, akanyamaza asionekane mtoto mbele ya kaka yake. Tulipovua kiatu wakati wa chakula, ngozi ilikuwa imeshajikunja kama karatasi iliyolowa, soksi imegandia. Kaka mtu ndio alimbeba mgongoni kilomita nzima ya mwisho. Lengelenge linaanza kama joto la sehemu moja, na pale kwenye joto ndipo pa kusimama, vua, kausha, bandika plasta pana bila mkunjo. Kwaiyo sasa hivi dakika 20 baada ya kuanza tunasimama wote na naulizia visigino kimoja kimoja kama daktari wa jeshi. Vijana wanaona aibu kusema, ukiwauliza wote kwa pamoja hakuna anayeaibika.

Hatua ya 7: Choo

Watu hawaandiki kuhusu hili na ndio linaloharibu safari nyingi za vijana, hasa mabinti. Kijana asiyejua atajisaidia wapi hanywi maji. Anabana toka asubuhi, saa 7 kichwa kinauma, saa 8 amekasirika na wewe unadhani ni tabia. Mwambie kabla hamjaondoka, choo cha mwisho kiko wapi, na baada ya hapo utaratibu ni huu, mnatoka njiani, mnakwenda angalau mita 60 kutoka kwenye maji yoyote, kwa haja kubwa mnachimba shimo la sentimita 15 mpaka 20 kwa kijikoleo, mnafukia. Karatasi inarudi kwenye mfuko wa plastiki, na pedi pia inarudi, hazifukiwi. Weka kifuko kimoja kidogo chenye karatasi, pedi, mifuko ya kufungia na kitakasa mikono, kila mtu ajue kiko mfuko gani wa begi na achukue bila kuomba wala kueleza. Ni kijambo kidogo ila binti mkubwa wa dada yangu alikataa safari mwaka mzima kwasababu hiyo tu na hakuna aliyewaza kumuuliza.

Hatua ya 8: Njiani, ongea kidogo

Usimhoji. Shule inaendaje, yule rafiki yako mbona haji siku hizi, umeamua utasomea nini. Kijana ukimkalisha mbele yako ukamtazama machoni anajifunga, ila mkitembea bega kwa bega wote mnaangalia mbele, maneno yanakuja yenyewe, mara nyingi baada ya saa moja ya kimya ambayo wewe unaona kama safari imekufa. Haijafa. Mimi mambo mawili makubwa ya mwanangu niliyasikia kwenye mlima, na yote mawili alianza na "eti mama", huku anapiga jiwe teke. Yakija usisimame, usigeuke, usishtuke, endelea kutembea kwa mwendo ule ule na useme "mmh".

Akinuna, mpe kwanza kitu cha kula kabla ya ushauri. Nusu ya hasira za njiani ni njaa, nusu iliyobaki ni soksi.

Tembeeni kwa mwendo wa yule wa polepole kuliko wote na umweke mbele, sio nyuma. Aliyeko nyuma kila akiwafikia nyie mmeshapumzika na mnaondoka, yeye hapumziki kabisa. Kijana mwenye nguvu akitaka kukimbia mbele mwambie sawa, ila kila njia panda unatusubiri mpaka utuone kwa macho.

Na mkipita kwenye mashamba ya watu lango mlilolikuta limefungwa mlifunge, mlilolikuta wazi mliache wazi, mwenye shamba ana sababu zake. Mazao mnayazunguka pembeni. Mnyama mwenye ndama hapigwi selfi, msipite katikati yake na mtoto wake hata kama anaonekana mpole.

Hatua ya 9: Vitu vitatu ambavyo hapa mzazi ndio anaamua

Nimesema mpe uongozi, ila kuna sehemu unaurudisha mkononi bila kuomba radhi.

Maji ya kuogelea. Kuzama ni moja ya sababu kubwa zinazoua watoto na vijana duniani, na kijana akiwa na mwenzake wa kumtazama anafanya ambayo peke yake asingefanya. Hakuna kuruka kichwa kwanza sehemu ambayo hamuijui kina, hakuna kuingia kwenye maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa ya magotini yanamwangusha mtu mzima. Mtu mzima mmoja anakaa ukingoni anaangalia maji, hasomi. Na maji ya mtoni hayanywewi vile vile yalivyo hata kama yanang'aa, yachemshe yatokote dakika 1, mkiwa juu sana, zaidi ya mita 2,000, dakika 3.

Radi. Ukiona mwanga anza kuhesabu sekunde mpaka usikie mngurumo, gawanya kwa 3, hizo ndio kilomita. Mkihesabu chini ya sekunde 30 imeshakuwa karibu sana, shukeni kutoka juu, msijifiche chini ya mti uliosimama peke yake, ingieni kwenye nyumba au gari la bodi la bati lililofungwa madirisha. Alafu mnasubiri dakika 30 toka mngurumo wa mwisho, na kila ukinguruma tena saa inaanza upya. Kuhesabu mpe kijana, kuamua amua wewe.

Nyoka. Akiuma mtu hamkati, hamnyonyi, hamfungi kamba ya kubana. Mnamtuliza, pete na saa zinavuliwa kabla hajavimba, kiungo kilichoumwa hakichezeshwi, mnapiga simu na kumpeleka hospitali haraka. Msipoteze muda kumwinda nyoka.

Hatua ya 10: Mkifika mnapokwenda, kaeni

Kosa la sisi watu wazima ni kufika, kupiga picha, kuangalia saa, kugeuka. Kijana anahitaji muda wa kutofanya chochote ambao haujaitwa jina. Kaeni saa nzima. Mpe kiberiti na kazi ya moto kama moto unaruhusiwa pale na hakuna upepo wala nyasi kavu, na mwisho auzime yeye mwenyewe kwa maji mpaka majivu yawe ya baridi ukiyashika kwa mkono. Au mwache arushe mawe mtoni. Wangu alirusha mawe dakika 45 bila kusema neno, alafu akaja akakaa akala kila kitu kilichokuwepo pamoja na cha kwangu.

Kama mnataka kujua jua limebakiza muda gani, nyoosha mkono mbele, kiganja kikuangalie, panga vidole kati ya ukingo wa chini wa jua na ule mstari ambapo ardhi na mbingu vinakutana, kila kidole ni kama dakika 15, vidole vinne ni saa. Usilikodolee jua lenyewe. Ni makadirio tu lakini watoto watabishana nayo njia nzima.

Kama familia yenu inaweza kukaa mpaka giza, na njia ya kurudi ni fupi na mnaijua, kaeni. Zimeni tochi na skrini zote. Macho yanahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza, na skrini moja ikiwaka mnaanza upya. Kwa kijana aliyekulia mjini hii inaweza kuwa mara ya kwanza kuona nyota kwa wingi hivyo. Usianze kufundisha.

Hatua ya 11: Kurudi na kufika

Kwenye gari usiulize "umefurahi?" Hilo swali lina jibu moja tu, "kawaida". Mwache achague muziki, hiyo ndio shukrani yako kwa kazi ya siku nzima, hata kama ni ule wa kelele. Baada ya dakika 10 utaona kichwa kimelala kwenye kioo.

Nyumbani, kabla ya kochi, kila mtu ajikague kupe, nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Kijana anajikagua mwenyewe bafuni na kioo, hapo ni mambo yake. Kupe akikutwa anashikwa kwa kibanio karibu kabisa na ngozi na kuvutwa moja kwa moja taratibu bila kumsokota, hakuna mafuta wala njiti ya moto, alafu panaoshwa kwa sabuni na tarehe inaandikwa mahali, homa au upele ukitokea wiki zinazofuata mnamwambia daktari. Viatu vilivyolowa vitolewe soli za ndani, vijazwe magazeti, vikauke kivulini, vikiwekwa karibu na moto gundi inaachia.

Mabegi yafunguliwe usiku huo huo, najua mmechoka, lakini ganda la tunda lililosahaulika chini ya koti la mvua utalikumbuka jumatano kwa pua.

Na kesho yake ni jumapili, usimwamshe.